Mtoto Anapokataliwa na Ngano

Kuna ugonjwa unaoitwa siliaki. Mwenye nao akila ngano au shayiri, hata kidogo, utumbo wake huumia. Anaharisha, tumbo linafura, damu inapungua. Mtoto haongezi uzito. Tusiseme amerogwa. Wala tusimwachishe ngano kabla hajapimwa damu hospitalini, maana kipimo kinaweza kukosea.

Dawa yake ni chakula, tena maisha yote. Chapati, mandazi na mkate, basi. Lakini shamba letu halijamtupa: kuna mahindi, wimbi, mtama, muhogo, viazi vitamu na maharagwe. Unga wake usisagwe kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, wala tusimkaangie kwa mafuta ya mandazi. Na tukikutana kikundi, chai yake tuiwekee viazi vitamu, asibaki akitutazama tukila.