Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanachama wetu katika mkutano wa mwaka, ukumbini mwa shule)



Nimepewa dakika kumi nizungumze juu ya shauri lililo mbele yetu, yaani kualika timu ya kriketi kutoka ng'ambo ije kucheza na wanafunzi wetu katika sherehe za mwakani. Sikusimama kulipinga. Nimesimama kuuliza maswali mawili tu. Mgeni akija, atatukuta tukiwa na nini? Na akiondoka, atatuacha na nini? Ili kuyajibu, niruhusuni niwapeleke mbali kidogo, hadi Bangladesh, kisha nitawarudisha nyumbani salama.

Nchi ile ilipata uhuru wake mwaka 1971, kwa vita. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Pakistan. Kriketi haikuwa ngeni kwao, maana tangu Januari 1955 Pakistan na India zilikuwa zimekwisha pambana katika kiwanja cha Dhaka. Lakini kiwanja kilikuwa chao, timu haikuwa yao. Wana wa Kibengali walikaa pembeni wakitazama. Februari 1971 kijana mmoja, Raqibul Hasan, aliingia kiwanjani humo kuchezea timu ya Pakistan, na juu ya gongo lake amebandika maneno "Joy Bangla", yaani ushindi kwa Bengali. Majuma machache baadaye vita vikaanza. Mchezaji mwenzake aliyejulikana kwa jina la Jewel alijiunga na wapigania uhuru, akauawa.

Vita vikaisha, ikaja njaa ya mwaka 1974. Katika hali hiyo nani angefikiria kriketi? Walikuwako waliofikiria. Na mwishoni mwa Desemba 1976 ikawasili timu ya klabu ya Marylebone ya London, ile iitwayo MCC, klabu kongwe yenye sauti kubwa katika mchezo huu.

Tazameni walivyompokea mgeni huyo. Hawakumfungia katika mji mkuu ili wakubwa wapige naye picha. Walimpeleka Rajshahi, wakampeleka Chittagong, wakampeleka Jessore, ili mtoto wa mkoani naye aione kriketi kwa macho yake. Huko Dhaka, tarehe 7 hadi 9 Januari 1977, timu ya taifa chini ya Shamim Kabir ilicheza siku tatu na wageni. Raqibul alikuwamo, safari hii akiichezea nchi yake. Yusuf Babu alipiga mikimbio 78. Mechi ikaisha sare. Wageni wakapanda ndege kurudi kwao, na tarehe 26 Julai mwaka huo huo Bangladesh ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa chama cha kimataifa cha kriketi.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini ndugu zangu, mwenyeji yule hakupona kwa sababu mgeni alikuja. Alipona kwa alivyojitayarisha kabla, na zaidi kwa alivyovumilia baadaye. Maana baada ya hapo walishiriki mashindano ya kugombea kombe la nchi wanachama washiriki mwaka 1979, 1982, 1986, 1990 na 1994. Mara tano walikwenda, mara tano wakarudi mikono mitupu. Ile ya tano ilichezwa hapa hapa Nairobi, na sisi Wakenya tukawa miongoni mwa waliowafunga.

Hapo ndipo njia yao inapokutana na yetu.

Mwaka 1996 mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Tarehe 29 Februari, mjini Pune, Kenya ilipiga mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Maurice Odumbe akawa shujaa wetu. Siku zile hapa shuleni kila kijiti kilikuwa gongo na kila chungwa bichi lilikuwa mpira; wazee mliokuwa viranja mnakumbuka vioo vilivyovunjika. Aprili 1997, huko Kuala Lumpur, tulikutana na Bangladesh katika fainali ya kombe lile lile. Steve Tikolo peke yake alipiga 147. Mvua ikanyesha, hesabu ikapunguzwa, wenzetu wakatakiwa kupata 166 katika ova 25. Walizipata kwa mpira wa mwisho kabisa, wiketi zikiwa zimebaki mbili. Baada ya miaka ishirini tangu MCC iondoke, kombe likaenda Dhaka.

Sisi hatukuwa tumekwisha. Mwaka 2003 Kombe la Dunia lilikuja kwetu kwa mechi mbili. New Zealand walikataa kufika Nairobi kwa kuhofia usalama, nasi tukapewa pointi. Sri Lanka walifika, tukawashinda tarehe 24 Februari, Collins Obuya akichukua wiketi tano. Tukawashinda na hao Bangladesh, tukafika nusu fainali. Nchi ipi basi ilikuwa mbele mwaka ule? Yetu. Lakini wenzetu walikuwa na watoto maelfu wakicheza nyuma ya timu yao. Nyuma ya timu yetu kulikuwa na klabu chache za Nairobi, kisha yakafuata magomvi ya malipo. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Na Oktoba 2016 Waingereza walipokwenda tena Dhaka, walishindwa kwa mikimbio 108. Kijana wa miaka 19, Mehidy Hasan Miraz, aliwatoa watu kumi na wawili.

Sasa nirudi nyumbani, na nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1998, nikiwa kidato cha tatu na nahodha wa timu, tulitembelewa na shule moja kutoka nje. Tuliazima mkeka wa kuchezea kutoka klabu moja. Tulifyeka nyasi juma lile tu. Ng'ombe alichinjwa, hotuba zikasomwa, tukafungwa vibaya, tukapiga picha. Jumatatu mkeka ukarudishwa kwa wenyewe. Mwalimu wa michezo aliniagiza niandike barua kuomba tuuziwe mkeka mkuukuu. Sikuiandika. Nilikuwa nashughulika kugawa nakala za picha. Tangu siku ile hakuna mechi ya kriketi iliyochezwa katika kiwanja kile, na leo asubuhi nimekuta mahindi yamepandwa upande wa kusini.

Mimi ni mtumishi wa serikali, nami najua sana ugonjwa huu. Mgeni mkubwa akitarajiwa, mawe yote ya njiani hupakwa chokaa. Akishapita, mvua huiosha chokaa, na shimo la barabarani hubaki pale pale lilipokuwa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba fedha zilizochangwa zigawanywe. Kwanza tununue mkeka wetu wenyewe, nyavu za mazoezi, na magongo ya kutosha. Pili, tugharimie mafunzo ya walimu wawili. Tatu, vijana wetu wacheze na shule za jirani kwa mihula miwili kamili. Kitakachobaki ndicho kimlipie mgeni, hata kama itabidi aje mwaka wa pili badala ya mwakani. Mimi nimekwisha mkabidhi mweka hazina bei ya mkeka, nikiwa nimechelewa zaidi ya robo karne.

Nanyi vijana, nawaomba jambo moja. Mgeni huyo akija akawafunga, msione haya. Lakini Jumatatu yake, saa kumi jioni, nataka nisikie kwamba mmerudi kiwanjani.