Fomu za Barua Pepe Zinazotoka Nje ya Taasisi: Kutafuta Hitilafu na Kuizuia

Mada kwa maafisa TEHAMA, wasimamizi wa seva za barua na maafisa ununuzi



Nimeombwa nizungumzie fomu tunazojitengenezea ndani ya Outlook, hasa zinapotumwa kwa watu walio nje ya taasisi. Fomu ya aina hii wote tunaijua: ni ujumbe wa kawaida ulioongezewa visanduku vya kujaza, orodha za kuchagua na vitufe. Imekuwapo tangu Outlook 97. Hupewa jina lake, mathalani IPM.Note.OmbiLaBei, na kuwekwa katika maktaba ya fomu ya taasisi. Ndani ya ofisi haina shida, kwani kompyuta ya mpokeaji husoma jina hilo, huichukua fomu maktabani na kuionyesha. Sitakaa zaidi hapo.

Shida iko nje. Afisa ununuzi anajaza fomu ya ombi la bei: bidhaa, idadi, siku ya mwisho ya kujibu. Anaituma kwa wazabuni. Mmoja anauliza mbona barua haina kitu. Mwingine analalamika kwamba amepata faili lisilofunguka. Wa tatu anakaa kimya, na muda unapita. Dawati la msaada likiulizwa, linamjibu mzabuni kwamba kompyuta yake ina kasoro. Jibu hilo nimelisikia kwa miaka mingi katika ofisi tofauti, na si sahihi. Mada hii haikusudii kuinyooshea kidole idara yoyote, lakini lazima isemwe wazi kwamba mzabuni hana kosa. Kasoro ilitoka kwetu pamoja na barua.

Chanzo chake ni hiki. Yaliyojazwa kwenye visanduku si sehemu ya maandishi ya barua yenyewe. Ni taarifa za pembeni, na Outlook inapozipeleka kwenye intaneti huzifunga katika furushi la muundo wa Microsoft uitwao TNEF. Furushi hilo likifika kwa mtu anayetumia Gmail au programu nyingine isiyolielewa, huonekana kama kiambatisho kiitwacho winmail.dat. Likiondolewa njiani, barua inafika safi, ila visanduku vyote vimepotea pamoja na yaliyomo. Kwa hiyo tunazima winmail.dat, tunashangilia kwamba tatizo limekwisha, kumbe sasa mzabuni anapokea barua isiyo na bidhaa, idadi wala tarehe, na hana hata dalili ya kwamba kuna kitu kimepungua. Hali hii ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Ndiyo maana nasisitiza tuanze kwa kumuuliza mpokeaji anaona nini hasa, kabla hatujagusa mpangilio wowote. Akiona winmail.dat, furushi limefika na programu yake hailijui. Akiona barua ya kawaida bila taarifa, furushi liliondolewa kwenye seva au kwenye Outlook ya mtumaji. Ikiwa yeye pia anatumia Outlook na anaona ujumbe wa kawaida tu, yamkini furushi limefika salama, ila fomu yenye jina lile haipo kwake, hivyo Outlook imerudi kwenye fomu ya kawaida. Na akiiona fomu lakini vitufe havifanyi kazi, yamkini mtengenezaji alichagua kusafirisha umbo la fomu pamoja na ujumbe. Njia hiyo huongeza ukubwa wa barua, na kwa sababu za usalama Outlook haiendeshi msimbo wa fomu iliyokuja hivyo. Tena, tangu masasisho ya usalama ya Septemba 2017, msimbo wa fomu maalumu umezimwa hata kwa fomu zilizosajiliwa, mpaka msimamizi auruhusu.

Dalili nne, na kila moja ina chanzo chake. Nimeona mafundi wakifuta akiba ya fomu na kusakinisha Office upya kwa malalamiko yote manne, na hakuna hata moja linalotibiwa hivyo.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu furushi. Kwenye seva ya barua ya Exchange, mpangilio wa kikoa cha nje, TNEFEnabled, ndio unaotangulia. Ukiwekwa $true, furushi hutumwa daima. Ukiwekwa $false, halitumwi kamwe. Ukiachwa $null, uamuzi unashuka kwenye mpangilio wa mpokeaji aliyesajiliwa kwenye seva, kisha kwenye Outlook ya mtumaji. Mtumiaji anaweza kubadilisha Outlook yake kutwa nzima bila kupata tofauti yoyote ikiwa seva imeshaamua. Mipangilio ya Outlook nayo iko mahali zaidi ya pamoja: upo wa jumla, na upo wa kila anwani katika kitabu cha anwani. Hapo ndipo mzabuni mmoja anapopata winmail.dat na mwenzake hapati, ilhali barua ni ileile.

Kuna pia suala la usalama. Microsoft yenyewe inaeleza kwamba winmail.dat huweza kubeba jina la mtumiaji la kuingilia na njia ya faili lake la barua. Kwa taasisi za Tanzania zinazowajibika chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hili si la kupuuzwa.

Mapendekezo yangu, kwa kuzingatia taratibu za kila taasisi, ni haya. Fomu yoyote inayotoka nje iandike taarifa zake zote ndani ya maandishi ya barua kabla ya kutumwa. Kama msimbo wa kufanya hivyo hauruhusiwi, fomu hiyo isitumwe nje. TNEFEnabled ya kikoa cha nje cha jumla iwekwe $false, lakini baada tu ya sharti hilo la kwanza kutimizwa, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Pale ambapo taasisi mbili zina makubaliano na zote zinatumia Outlook, kikoa cha mwenzi kifunguliwe peke yake, na fomu isajiliwe pande zote mbili kwa jina lilelile. Majibu pia yapangwe: mtu wa nje akijibu, hurudisha barua ya kawaida, si visanduku, kwa hiyo mfumo usitegemee kwamba vitarudi.

Kila fomu ijaribiwe kwa anwani ya nje, kwenye simu na kwenye kivinjari, kabla haijaidhinishwa. Jaribio la ndani halithibitishi lolote. Dawati la msaada liache kumwambia mzabuni abadilishe programu, lianze kuuliza anaona nini. Wale wanaopendekeza kupachika fomu ya HTML ndani ya barua wakumbuke kwamba katika Outlook ya zamani ya Windows, tangu toleo la 2007, barua huonyeshwa kwa injini ya Word, na visanduku vya HTML havijaziki humo. Panapohitajika mtu wa nje ajaze, apewe kiungo cha fomu ya wavuti au faili la PDF la kujaza.

Narudia la kwanza: taarifa ziwe ndani ya maandishi ya barua. Zaidi ya hayo, Outlook mpya ya Windows haiungi mkono fomu hizi, na Microsoft ilitangaza mwaka 2023 kwamba VBScript, lugha inayoziendesha, itaondolewa kwenye Windows. Kwa hiyo kila taasisi iorodheshe fomu zake sasa, ionyeshe zipi zinatoka nje, na ipange kuzihamisha. Naomba kazi ianze na fomu za ununuzi na za ajira, kwa kuwa anayekosa taarifa hapo hukosa zabuni au kazi.