SARATANI HAINGOJI MRIPUKO UPITE



Maradhi ya Korona yalipoenea mwaka 2020, wagonjwa wengi wa saratani duniani walichelewa kupata tiba. Mgonjwa wa Unguja au Pemba aliyehitaji mionzi alikuwa na khofu maradufu, kwani ilimlazimu kuvuka bahari hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Khofu hiyo ilikuwa na msingi. Dawa nyingi za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka huo huo ulionesha kuwa, kwa saratani kadhaa, kuchelewa tiba kwa wiki 4 tu huzidisha hatari ya kifo.

Kwa hivyo, utokeapo mripuko mwengine, mgonjwa asikatize dozi bila ya shauri la daktari wake. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku. Jamaa wenye mafua wasimkaribie, bali wamjulie hali kwa simu ili asibaki mpweke. Nao wakuu wa kazi wasicheleweshe ruhusa ya mtumishi anayesafiri kwa matibabu.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wote shifaa.