Habari za Chama cha Mpira cha Watu wa Miwa

Twajua vyama vya mpira vyenye sifa kuu nchini ni vya mjini Dar es Salaam: Yanga cha mwaka 1935, na Simba cha 1936. Lakini sikilizeni habari za watu wa shamba.

Mwaka 1988 wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Mtibwa, huko Turiani, Morogoro, walianzisha chama chao, Mtibwa Sugar. Uwanja wao, Manungu, umo humo humo penye miwa. Mwaka 1999 wakatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Na 2000, wakubwa wa mjini walipodhani ilikuwa bahati tu, wakautwaa tena!

Mwaka 2024 walishuka daraja. Chama hakikuvunjika, nao 2025 wakapanda. Mwaka huo huo wakashuka Kagera Sugar, wa mkoa wetu huu, nasi tukahuzunika sana. Mzee mmoja akatuuliza, je, sasa tukawashangilie wa mjini? Tukamjibu, “Baba, wale wa Manungu walikaa chini mwaka mmoja tu.”