Kilichokatwa Kabla ya Kazi Kutoka

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Vijana wanaopenda michezo ya video wana desturi moja ambayo sisi wakubwa tungefaa kuiiga. Hawatosheki na mchezo uliouzwa dukani. Hutafuta pia toleo la majaribio, lile ambalo mafundi walikuwa bado wanalichonga, wakalilinganisha na la dukani. Mchezo uitwao Sonic the Hedgehog 2, wa kampuni ya Sega, ulitoka mwaka 1992. Katika toleo la majaribio mlikuwa na uwanja ulioitwa Hidden Palace. Wanunuzi hawakuupata. Ulirudishwa mwaka 2013 mchezo ulipotengenezwa upya kwa ajili ya simu.

Leo nataka tufanye ulinganisho wa namna hiyo kwa kitu tunachokishika kila siku hapa Himo, tuuzapo mahindi na ndizi, au tumpelekeapo mzazi fedha kule Marangu. Nazungumzia M-Pesa.

Wengi wetu hudhani M-Pesa ilizaliwa kama tuijuavyo. Sivyo. Jaribio lake lilianza Oktoba 2005 nchini Kenya, katika Thika na Nairobi, likiwa na maduka manane ya wakala na wateja wasiofika 500. Vodafone ya Uingereza na Safaricom walilibuni, na serikali ya Uingereza ilichangia fedha. Shabaha haikuwa kumtumia mama fedha kijijini. Shabaha ilikuwa mikopo midogo: wanachama wa vikundi vya Faulu Kenya wapokee mkopo na kulipa marejesho kwa simu.

Wateja wakaligeuza. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka fedha kwa wakala asubuhi, wakasafiri, wakazichukua mwisho wa safari ili wasiibiwe njiani. Wengine walinunua muda wa maongezi kwa ajili ya ndugu walioko mbali. Wabunifu, Nick Hughes na Susie Lonie, waliyaona hayo na hawakuyapuuza. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando, na tangazo likasema jambo moja tu: tuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha wateja walipita milioni moja.

Funzo la kwanza ni hilo. Rasimu ni swali, na anayejibu ni mtumiaji. Tena jibu la jirani si lazima liwe letu. Vodacom ilipoileta huduma hiyo Tanzania, Aprili 2008, miezi 14 baadaye ilikuwa na wateja wapatao 280,000, ilhali Kenya kwa muda kama huo walikuwa milioni 2.7. Taveta ni pua na mdomo kutoka hapa Himo, lakini nguo iliyopimwa kwa mtu wa huko haikutukaa siku ya kwanza. Ilibidi ishonwe upya.

Lakini kuna funzo la pili, na ndilo hasa lililonileta mbele yenu. Tutazame kile kilichokatwa. Kwa nini mikopo ya vikundi iliachwa? Sababu moja ilikuwa mahesabu: vitabu vya mkopeshaji na mtambo wa simu havikupatana kwa urahisi. Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwanachama aliyeweza kulipa kwa simu hakuona haja ya kuja kwenye mkutano. Na mkutano ndio uliokuwa dhamana ya mkopo, maana watu wasio na hati ya nyumba wala shamba hudhaminiana kwa kufahamiana.

Ndugu wasikilizaji, hilo si jambo la Thika peke yake. Siku hizi vikoba vyetu vingi vinahamia kwenye simu. Hisa zinatumwa kwa simu, mkopo unatoka kwa simu, na mkutano unageuka kuwa ujumbe unaosomwa na watu wachache. Mimi si mpinzani wa simu. Fedha isiyobebwa mkononi haiporwi kirahisi. Lakini mkutano haukuwa mahali pa kuhesabu noti tu. Ndipo ilipojulikana kuwa fulani amefiwa, kwa hiyo marejesho yake yangoje. Ndipo mweka hazina aliposoma daftari kwa sauti, na yule asiyejua kusoma akasikia jina lake na hisa zake. Akiba inapopotea bila mkutano, nani atamwuliza nani?

Wenye jaribio la Thika waliiona hatari hiyo, na walichofanya ni kuondoa vikundi katika huduma yao. Sisi hatuwezi kuondoa vikundi, kwa sababu ndivyo vinavyolipa karo na kuchimba misingi ya nyumba zetu. Basi tuhifadhi mkutano. Fedha zipite kwenye simu, lakini watu wakutane, daftari lisomwe, na kila mmoja aulize. Na kijana anayetengeneza programu kwa ajili ya vikoba ajaribu kwanza na kikundi kimoja, akae nao miezi kadhaa, aone wanaigeuza vipi na nani ameacha kuja.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Simu hubonyezwa kwa kidole kimoja.