Mikono Inayofika Kitandani

Msikilizaji, sisi wa Mabatini, Mwanza, tunajua: ndugu akilazwa, familia nzima inahamia wodini. Mama analeta uji, shangazi anabadilisha shuka, kaka anamgeuza mgonjwa. Mikono hiyo yote inagusa kitanda kimoja, kisha inampa pole wa kitanda cha pili.

Machi 2023, ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kagera ilipata mlipuko wa virusi vya Marburg. Watu 6 walifariki, na miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo wahudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kwisha Juni 2. Kunawa mikono hakukutakiwa kwisha siku hiyo.

Simlaumu muuguzi asiyenawa. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, na sinki likiwa mwisho wa korido, wagonjwa wakiwa wengi, mahesabu hayakubali. Kitakasa mikono huchukua sekunde 20 hadi 30, mradi mikono haina uchafu unaoonekana. Kiwekwe kando ya kitanda, na kipangiwe bajeti kama dawa nyingine yoyote. Na sisi ndugu tuelekezwe bomba kabla ya kuoneshwa kitanda.

Mgonjwa naye awe huru kuuliza, "Samahani nesi, umenawa?" bila kuonekana mkorofi.