Mauaji ya Sebuleni: Kwa Nini Bibi Fletcher Anapendwa



Najua mada yangu iliwachekesha baadhi yenu ilipobandikwa ubaoni. Mtu akipewa mhadhara wa umma hutarajiwa azungumzie ushairi, au mustakabali wa taifa. Mimi nimekuja kumzungumzia mama mjane anayeendesha baiskeli, ambaye karibu kila alikoalikwa chakula cha usiku palitokea maiti. Anaitwa Jessica Fletcher, na mfululizo wake wa televisheni, uliotengenezwa Marekani, unaitwa Murder, She Wrote.

Aliyenitia kwenye uraibu huu ni mwenye nyumba wangu. Nilikuwa mwanafunzi Uingereza, nimepanga chumba kwa bibi mmoja aliyevuka miaka sabini. Kila alasiri, marudio yalipoanza, alikaa kitini kwake na mpira wa sufu na sindano zake za kufumia. Alifuma bila kutazama mikono. Mtu anauawa, yeye anafuma. Polisi wanamkamata asiye na kosa, anaguna, anaendelea kufuma. Kisha, zikiwa zimebaki dakika chache, Jessica yumo katika maongezi ya kawaida kabisa, labda ya kitufe cha koti au chai iliyopoa, mara uso unamganda. Tabasamu limebaki mdomoni lakini macho yameshaondoka zamani. Hapo ndipo bibi alipolaza sindano mapajani na kunong'ona: "Ameshamjua."

Siku moja nilimwuliza kama kile kipindi ndiyo kwanza anakiona. La, alikwisha kukiona mara nne. Je, alimsahau muuaji? "Namkumbuka vizuri sana," akasema. "Nakaa kumtazama Jessica anavyomjua."

Tangu siku ile nimesoma nadharia nyingi za fasihi, na ni chache zilizonifaa kuliko jibu hilo. Kazi yangu jioni hii ni kulifafanua tu.

Kwanza mambo ya msingi, kwa wasioujua mfululizo huu. Ulianza kuonyeshwa na kituo cha CBS tarehe 30 Septemba 1984, ukaisha tarehe 19 Mei 1996: misimu 12, vipindi 264, na baadaye filamu nne za televisheni kati ya 1997 na 2003. Waasisi wake ni Peter S. Fischer, Richard Levinson na William Link. Hao wawili wa mwisho ndio waliomzaa Columbo, mpelelezi mwingine wa televisheni. Jessica ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza katika mji mdogo wa pwani uitwao Cabot Cove, jimbo la Maine. Amefiwa na mumewe, Frank, na katika upweke wake ameandika riwaya ya upelelezi ambayo bila kutarajia imempa umaarufu. Hana beji wala bastola. Hata gari hajui kuendesha. Aliyefuatwa kwanza aicheze nafasi hiyo ni Jean Stapleton, akakataa, ndipo ikamfikia Angela Lansbury, mzaliwa wa London, akiwa na miaka 58.

Ninyi mliolelewa na hadithi za upelelezi za Kiswahili mtamtambua mara moja. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetutokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, naye si polisi. Ana kiko chake, ana Najum wa kuulizana naye, na anasikia yale ambayo wengine wameyasikia wakayapuuza. Ukoo wao ni mmoja.

Sasa turudi kwa yule bibi na sindano zake. Watu husema hadithi ya upelelezi ni fumbo, na fumbo likishafumbuliwa halina ladha tena. Aliyewahi kukaa miguuni pa bibi yake usiku, akamwitikia "Pakawa!", anajua kwamba hilo si kweli. Mtoto hudai ngano ileile aliyoisikia jana, na bibi akiruka hata kituo kimoja kwa sababu ya usingizi, mtoto humrudisha. Mwisho anaujua. Anachotaka ni kupitishwa tena njia ileile na mtu anayeijua njia.

Na njia ya Jessica haibadiliki sana. Inaanza kwa kinanda cha John Addison, vidole juu ya taipureta, baiskeli, mkono unaopungia majirani. Kisha tunaonyeshwa mtu mmoja anayegombana na kila mtu: anamdhulumu mshirika wake, anamtukana mkewe, anamfukuza mtumishi. Mashabiki wazoefu hawaanzi kwa kumtafuta muuaji. Wao humtafuta kwanza marehemu, na dakika ya kumi wameshampata. Akishakufa, anakamatwa mtu asiyehusika, mara nyingi jamaa wa Jessica. Maskini Grady, mpwa wa mumewe, ametiwa mashakani mara nyingi kiasi kwamba ningekuwa yeye ningeacha kabisa kumtembelea shangazi. Sherifu wa mji, kwa miaka ya mwanzo Amos Tupper aliyechezwa na Tom Bosley, ameridhika na jibu la kwanza lililopita mbele yake. Jessica hajaridhika. Anauliza, anaomba radhi kwa kuuliza, anauliza tena. Muuaji akishakiri, mara nyingi kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, tunaletewa kichekesho kidogo, na picha inaganda Jessica akiwa katikati ya kicheko.

Damu haimwagiki mbele yetu. Anayekufa hatujapata muda wa kumpenda. Ndiyo maana nayaita mauaji ya sebuleni: unaweza kuyatazama na mkwe wako mnakunywa chai. Wako wanaosema huko ni kukichezea kifo, na sitawabishia sana. Ila mimi naona kifo katika hadithi hizi hufanya kazi ya hodi mlangoni. Kinatuingiza ndani ya nyumba za watu, na tukishaingia tunamtazama mama mmoja akiwasikiliza watu kuliko walivyozoea kusikilizwa.

Mama huyo ana umri, na hapa ndipo penye uzito wa mada yangu. Televisheni ya wakati ule ilimpa mwanamke wa miaka sitini nafasi ya mama mkwe, au ya mgonjwa. Jessica alipewa kiti cha mbele. Kwa vipindi 264 hakuolewa tena, na hakuna aliyeonyesha kwamba maisha yake yana pengo. Anasafiri, anaandika, anahudumia marafiki, na mwaka 1991 anapata nyumba ya pili New York ili afundishe elimu ya uhalifu chuoni. Wauaji wake humdharau: wanaona koti safi na tabasamu la mwalimu, wanajisemea huyu hana la kututenda. Kumbe mtu aliyesahihisha madaftari miaka mingi anajua mwongo anavyopumua. Mashabiki wanaipenda hiyo dakika ya dharau kugeuka, na wengi wao ni wanawake waliowahi kudharauliwa hivyohivyo.

Lansbury aliwafungulia mlango na wenzake. Waigizaji waliong'ara Hollywood miaka ya arobaini na hamsini, na ambao simu zao zilikuwa zimenyamaza, walipata kazi kwake kama wageni wa kipindi. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kipindi cha 1987 kiitwacho The Days Dwindle Down. Watayarishaji walichukua filamu ya 1949, Strangest Bargain, wakaifanya kuwa kesi ya zamani iliyobaki na doa. Kisha wakawatafuta Jeffrey Lynn, Martha Scott na Harry Morgan, waliocheza katika filamu ile, wakawarudisha katika nafasi zao zilezile. Picha za filamu ya zamani zinakatiza kama kumbukumbu. Unamwona mtu ana nywele nyeusi, anafungua mlango. Mara unamwona tena, miaka 38 imempita usoni, na hakuna kipodozi kilichotumika kumzeesha. Mimi hukitumia kipindi hicho darasani. Wanafunzi huingia wakicheka mavazi, na hunyamaza wanapofika hapo.

Wenye kituo hawakukiona walichokuwa nacho. Kwa miaka 11 kipindi kilikuwa na kikao chake Jumapili saa mbili usiku, baada ya kipindi cha habari cha 60 Minutes, na watu walikipanga ndani ya wiki yao kama wanavyopanga ibada na chakula cha jioni. Watangazaji wa biashara, hata hivyo, walitaka macho ya watu wa miaka 18 hadi 49. Mwaka 1995 CBS ilikihamishia Alhamisi, uso kwa uso na Friends ya NBC, kipenzi cha vijana wakati ule. Watazamaji wakapungua, na msimu huo ukawa wa mwisho. Waandishi walijibu kwa silaha waliyokuwa nayo. Kipindi kimoja cha msimu huo, Murder Among Friends, kina maiti ndani ya studio ya kichekesho cha vijana kinachofanana mno na kile cha jirani. Kipindi cha mwisho kabisa wakakiita Death by Demographics, yaani kuuawa na hesabu za umri wa watazamaji. Sijawahi kuona jeneza likiandikwa jina la muuaji waziwazi namna ile.

Tuzo nazo zina hadithi yake. Lansbury aliteuliwa kwa Emmy ya mwigizaji bora wa kike katika kila msimu, mara 12, na mara zote 12 akarudi mikono mitupu. Mashabiki huitaja dhuluma hii kama watu wanavyotaja penalti waliyonyimwa mwaka fulani.

Mapenzi yao, lakini, yana utani mwingi. Wanasema Jessica ndiye muuaji, la sivyo iweje kimji cha pwani kimalize watu hivyo? Wanajua Cabot Cove haiko Maine hata kidogo: mandhari ya nje ilipigwa Mendocino, California, upande wa pili wa bara, kwenye bahari ambako jua huzama badala ya kuchomoza. Wanajua, na bado wanafunga safari kwenda kupiga picha mbele ya Blair House, nyumba ya karne ya 19 iliyotumika kuwa nyumba ya Jessica, ambayo leo hupokea wageni. Tangu 1989 wananunua pia riwaya zilizoandikwa na Donald Bain, na baada yake waandishi wengine, ambazo kwenye jalada mwandishi mwenza ni Jessica Fletcher mwenyewe. Mtu asiyekuwepo ana vitabu vingi kuliko wengi wetu humu ukumbini, nikiwamo mimi. NBC ilipotangaza mwaka 2013 kwamba itaunda mfululizo mpya kwa jina lilelile, Lansbury alisema wazi kwamba kulitumia jina hilo ni kosa. Mapema 2014 mpango ukaachwa.

Angela Lansbury alifariki tarehe 11 Oktoba 2022, siku tano kabla ya kutimiza miaka 97. Mwezi uliofuata filamu yake ya mwisho, Glass Onion, iliingia kumbi za sinema. Humo anaonekana kwa muda mfupi tu, kwenye skrini ya kompyuta, kwa jina lake mwenyewe. Anacheza na marafiki mchezo wa intaneti wa kumtafuta muuaji.